Uyoga Uliochumwa kwa Hasira

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba unga wa mahindi huletwa na king'ora. Tulizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, Lubumbashi, na huko kila kitu kilikuja kwa mlio. King'ora kikilia alfajiri, baba aliamka. Kikilia tena, mama alijua ni saa ya kusonga bukari, ugali wetu. Na siku ya mgao kina mama walijipanga na magunia mbele ya ghala, wakarudi na unga, samaki wa chumvi, mafuta na sabuni. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, zahanati ya kampuni. Hatukuona ajabu. Ilikuwa enzi za Zaire, watoto tuliimba na kukichezea chama tawala ngoma mbele ya bendera kabla ya kuingia darasani, na baba yangu, fundi wa tanuri la kuyeyushia shaba, alivaa abakosti yake, koti la enzi zile lisilovaliwa na tai, Jumapili akatembea kama mtu ambaye kesho yake imeshapangwa.

Mtu mmoja tu katika ukoo hakuwa na amani na mambo hayo, naye ni bibi yangu, mama yake baba. Tulimwita Kaku, kama tunavyowaita bibi zetu sisi Waluba. Alikuja kutoka kaskazini akiwa mke kijana wa mfanyakazi wa reli, akazaa watoto saba, akamzika mumewe, kisha akajijengea nyumba ya matofali huko Kampemba na kukataa katakata kuhamia kambini kwetu.

"Kampuni iko muzuri," alimwambia baba kila alipotutembelea. "Lakini kampuni haizae muntu. Siku itachoka, itabauliza: beye ni batoto ba nani?"

Baba alicheka. "Mama, kampuni haiwezi kuchoka. Shaba iko chini ya miguu yetu."

Hata hivyo alitii sheria moja ya mama yake, maana hakuna aliyewahi kuivunja. Mjukuu akifika miaka kumi na mitatu, wa kike au wa kiume, alipelekwa kwa Kaku kukaa mwaka mzima wa shule. Binamu zetu wakubwa walirudi kutoka huko wamekonda kidogo na wakimya zaidi, na tukiwauliza wamefundishwa nini walisema, "Mutaona." Zamu yetu ilipofika tulikwenda wawili kwa mpigo, kwa kuwa tulikuwa mapacha: mimi, Kabange, msichana, na ndugu yangu wa kiume, Mbuyu. Kwa desturi yetu Mbuyu ni yule anayetangulia kuzaliwa, Kabange humfuata. Ndugu yangu hakuacha siku ipite bila kunikumbusha.

Kaku hakuwa mtu wa kueleza. Alitugawia wiki. Wiki moja mimi nilikuwa mwenye nyumba, wiki iliyofuata Mbuyu. Mwenye nyumba aliamua kitakacholiwa, alijaza maji kwenye pipa, aliwasha mbabula, yaani jiko letu la makaa, na alitakiwa kujua nani anaumwa na nani bado hajarudi. Mwenye nyumba akisahau maji, sote tulilala na vumbi la siku nzima, Kaku akiwemo, na hakutamka neno. Ningependelea kofi. Kimya chake kilikaa nami mpaka asubuhi.

Bukari ya kwanza ya Mbuyu ilikuwa na madonge makubwa kama mayai ya kuku. Kaku aliila yote taratibu, akafinya tonge, akachovya katika sombe, mboga ya majani ya mihogo, akameza. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua akacheka hadi akashika mbavu.

"Kaku, mwanaume anasonga bukari?"

"Tumbo yake haijue kama iko ya mwanaume," Kaku alijibu bila kugeuka. Kisha akamwambia Mbuyu, aliyemwita bwana yake kwa utani wa bibi na mjukuu: "Kesho, bwana yangu, utachekecha unga mbele ya kuusonga."

Mwezi wa kumi Kaku alivimba mguu, akaniambia nimpeleke zahanati. Nilidhani nakwenda kumshika mkono tu. Tulipofika alikaa kwenye benchi akafunga mdomo kama bubu, muuguzi akauliza anaumwa nini. Kaku alinitazama tu. Ikabidi niseme. Nilisema vibaya, nikachanganya siku, nikasahau dawa aliyokunywa. Njiani kurudi ndipo alipozungumza.

"Ukiingia kwa munganga, unasema nini inauma, ilianza lini, muntu alikula nini, alikunywa dawa gani. Unasema yote. Usifiche kintu juu ya kusikia haya. Haya inaua bantu kupita malaria."

Kisha mvua zikaanza, na pamoja nazo msimu wa uyoga. Sisi huko tunauita bowa. Siku hizo msitu wa miombo ulianza nje kidogo tu ya Kampemba, mahali ambapo leo kuna nyumba mpaka jicho linapochoka, na kuanzia mwezi wa kumi na mbili wanawake walitoka humo asubuhi wamebeba vikapu vinavyonuka udongo uliolowa. Kaku alitupeleka kila Jumamosi ambayo hatukuitwa kwenye kazi za lazima za mtaa. Alitufundisha aina tano. Tulipomwonyesha ya sita, nzuri, nono, iliyojaa chini ya mti mzima, alitikisa kichwa.

"Ile inakuliwa, Kaku. Mama ule anaichuma."

"Yeye anaijua. Beye munajua tano. Muntu ya kujua tano na kuheshimu tano, anazeeka."

Lakini kabla ya aina tano zilikuja sheria za msitu, na hizi alizisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mlango wa mwenyewe. Uyoga wa kwanza unaouona hauuchumi. Unauacha kwa ajili ya wenyewe wa pori, mizimu yake. Hukati shingo ya uyoga. Unaung'oa pamoja na mguu wake na kuutazama chini. Na kubwa kuliko zote: huendi kuchuma ukiwa na hasira.

"Bowa iko na masikio," alisema. "Ukiingia mu pori na maneno mu roho, inasikia. Ile ya kula inajificha, na ile ya kuua inavaa nguo ya ndugu yake, inakuja kusimama mbele yako. Mukigombana, murudi ku nyumba. Hata kama mumefika tayari. Murudi na kikapo bule."

Kila mara, kabla ya kuvuka kizingiti, alituuliza: "Kuko maneno kati yenu?" Nasi tukijibu hapana, tulikwenda. Siku moja tulijibu ndiyo, kwa ajili ya kalamu iliyopotea, na akavua viatu vyake akarudi kulala. Hatukula uyoga wiki ile.

Mwezi wa kwanza baba alikuja Jumapili baada ya misa. Alikuwa na furaha. Kampuni ilikuwa na shule yake ya ufundi, na msimamizi wake alikuwa amemwahidi nafasi moja kwa mtoto wake. Alimshika Mbuyu bega akasema, "Mwaka kesho, fundi wangu." Mimi nilikuwa nachambua majani ya mihogo. Ni mimi niliyekuwa wa kwanza katika hesabu darasani, na Mbuyu alinakili kazi zangu za nyumbani tangu tulipojifunza kujumlisha. Baba alijua hayo yote. Nilisubiri anitazame. Aliomba maji ya kunywa, akayanywa, akaondoka.

Jioni ile nilimwambia Mbuyu kwamba atafukuzwa shule hiyo kabla ya Krismasi. Naye akanijibu, bila hata kunyanyua macho: "Weye utapika tu. Ile njo kazi yako. Jifunze muzuri."

Tangu kuzaliwa tulikuwa tumekula sahani moja. Kuanzia jioni ile nilijitengea yangu.

Jumamosi iliyofuata alikufa mtu wa kanisani kwa Kaku, na kilio, yaani matanga yake, kilikuwa mji wa Kipushi. Kaku aliamka mapema kufunga kitambaa chake cheusi, akatuangalia sote wawili, akasema jambo ambalo alikuwa hajawahi kusema.

"Leo mutaenda benyewe mu pori. Muko bakubwa. Kabange, wiki ni yako, wewe njo mwenye nyumba." Alikaza fundo la kitambaa. "Kuko maneno kati yenu?"

Nilimtazama Mbuyu. Mbuyu alitazama ukuta.

"Hapana, Kaku," nilisema.

Nimedanganya mara nyingi katika maisha yangu, uongo mkubwa kuliko ule. Ule ndio ninaoukumbuka mpaka ladha yake mdomoni.

Njia nzima hatukusemezana. Msituni nilijitenga naye, nikaenda mbio, nikitaka kikapu changu kijae kabla ya chake. Uyoga wa kwanza niliouona niliuchuma. Wa pili pia. Nilikuwa na kisu kidogo, na badala ya kuinama na kung'oa na mguu wake nilikata shingo, nikatupa kikapuni, nikasogea. Kichwani nilikuwa nabishana na baba. Nilipata maneno mazuri sana ya kumwambia, na kila neno zuri lilikuja na uyoga mwingine. Tulipokutana njiani kurudi kikapu changu kilikuwa kimefurika, na cha Mbuyu kilikuwa na uyoga mchache uliofunikwa na jani, kila mmoja na udongo mguuni. Niliona alivyokitazama changu. Nilifurahi.

Nyumbani nilipika wangu. Wake niliuweka pembeni, nikisema ni wa kesho. Sheria ilikuwa Kaku aukague uyoga wote kabla haujaingia chunguni, lakini Kaku alikuwa Kipushi na mwenye nyumba nilikuwa mimi. Nilitia karanga za kutwanga na nyanya, ukanukia. Saa nane mchana nilimpakulia Mbuyu, nikamwekea mbele, changu nikakiacha chunguni, kisha nikachukua beseni nikaenda kufua nyuma ya nyumba, maana sikutaka kumwona akila.

Kama saa kumi nilisikia akitapika.

Nilimkuta ameshika ukuta, jasho linamtiririka, midomo imekuwa na rangi ya jivu. Alitapika tena na tena, kisha tumbo likamshika akajikunja chini kama mtoto mchanga. Nilipiga kelele. Majirani walikuja, wakajaza ua. Mmoja alisema apewe mafuta ya mawese, mwingine maziwa. Kisha mwanamke mmoja, yule yule aliyezoea kuchungulia juu ya ua, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, akituita mapasa, yaani mapacha:

"Mapasa hawagonjwake hivi bule. Kuko muntu. Asubuhi nilimuona huyu mutoto anakula hindi ya kuchoma. Nani alimupatia?"

Wote tulijua nani. Pembeni ya njia yetu aliishi Mama Nkulu, mjane asiye na mtoto aliyeuza makaa, na alizoea kuwapa watoto wanaopita mahindi aliyochoma kwenye mbabula yake. Alikuwa amesimama langoni wakati ule, mikono yake myeusi kwa vumbi la makaa, na amekuja kama wengine kwa sababu amesikia mtoto akilia. Watu waligeuka wakamtazama. Hakuna aliyesema neno zaidi, wala halikuhitajika. Nilishawahi kuona mtaani kwetu nini hufuata ukimya wa namna ile. Nilishaona nyumba ya mzee aliyeitwa mchawi ikibomolewa.

Mama Nkulu hakujitetea. Alinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mwenye nyumba.

Ningeweza kunyamaza. Nataka kulisema hilo wazi, kwa sababu kwa muda, labda wa pumzi mbili, nilinyamaza. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na kosa langu lingepita humo likakae juu ya kichwa cha mwanamke mzee, na hakuna ambaye angeniuliza kitu.

"Ni bowa," nilisema. "Ni miye nilichuma, ni miye nilipika. Kaku hakuiona. Mama Nkulu hana kintu."

Baada ya kusema hivyo, mikono yangu ikajua la kufanya. Siwezi kueleza vinginevyo. Nilikwenda jikoni, nikachukua maganda na vipande vibichi vilivyobaki kikapuni, nikavifunga kwenye jani la mgomba. Nilichukua kitabu cha zahanati cha familia kutoka kwenye sanduku la Kaku, na kanga moja safi, na maji kwenye chupa. Jirani yetu Papa Kitenge, fundi viatu, alileta kinga yake, ndivyo tunavyoiita baiskeli. Tulimkalisha Mbuyu nyuma, Papa Kitenge akaisukuma, mimi nikamshikilia kwa kiuno. Njiani alinitapikia begani. Alisema, "Kabange, nakufa?" Nikamwambia, "Hapana. Tunafika." Nilikuwa nimeacha kuwa na umri wa miaka kumi na mitatu mahali fulani kwenye njia ile, na sikumbuki ni wapi.

Muuguzi alikuwa amechoka, ndio kwanza anafunga kabati. Alitutazama akaniuliza, akiniita raia kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi enzi zile, "Citoyenne, mukubwa wenu iko wapi?"

"Mukubwa iko ku kilio Kipushi. Leo mukubwa ni miye."

Nikasema yote. Kilichouma, kilipoanza, alichokula na saa aliyokula, kwamba hakunywa dawa yoyote wala mafuta wala maziwa. Nikafungua jani nikamwonyesha. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, uso wake ukabadilika, akamwita mwenzake kwa sauti. Wakamwingiza ndani mbio. Baadaye, walipokwisha kumtundikia maji, alitoka akaniambia kwamba wengi huletwa na watu wasiosema wamekula nini, wakabaki wanakisia mpaka inakuwa kazi ya padri. "Kama ungechelewa kusema," alisema, kisha akarudi ndani kwa Mbuyu.

Kaku alifika jua linazama, bado na kitambaa chake cha kilio. Kwanza aliingia kumwona Mbuyu, aliyekuwa amelala amekauka kama samaki lakini akipumua vizuri. Kisha alikuja kukaa nami kwenye benchi. Nilisubiri.

"Mulitoka na maneno?"

"Ndiyo, Kaku."

"Na nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Njo vile," alisema. Alifungua kitambaa chake, akanifunika mabega, kwa sababu nguo yangu ilikuwa imelowa na nilikuwa natetemeka.

Asubuhi Mama Nkulu alikuja zahanati. Alikuwa amenawa mikono hadi kwenye viwiko, lakini makaa hayatoki kwenye kucha. Hakwenda kwanza kwenye kitanda cha mgonjwa. Aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, akauacha hapo kwa muda mrefu, ndipo akamgeukia Mbuyu.

Mbuyu alikaa siku tatu akarudi nyumbani. Alipopata nguvu ya kutembea, Kaku alitupeleka wote wawili msituni, bila kikapu. Chini ya mti mmoja alinyunyiza unga mweupe, akaongea kwa Kiluba na wenyewe wa pori, akiwaeleza majina yetu na makosa yetu kama mtu anayewaombea radhi watoto wa nyumba yake kwa jirani. Kisha akatugeukia.

"Sasa museme ile maneno. Yote. Bowa ilisikia tayari, ni miye tu sijasikia."

Nilisema. Nilisema juu ya shule, na hesabu, na baba aliyekunywa maji bila kunitazama. Nililia kwa hasira mpya kabisa. Zamu ya Mbuyu ilipofika alichimba udongo kwa kidole cha mguu.

"Miye siipende ile shule," alisema mwishowe. "Naogopa moto ya tanuri. Rafiki ya papa, ule aliungua, nilimuona. Kila siku naota. Sikuweza kumwambia papa. Kabange alikuwa anakasirika juu ya kintu miye sitake, njo miye pia nikakasirika."

Miaka kumi na mitatu tumelala chumba kimoja, na sikujua kwamba ndugu yangu anaota moto.

Jumapili hiyo Kaku alivaa viatu, akaenda kambini kwa miguu, sisi nyuma yake, akatuketisha mbele ya baba na kutuamuru turudie. Sitasema kwamba baba alibadilika papo hapo. Alikasirika. Alisema shule ya ufundi haichukui wasichana, na kwamba mwanaume haogopi. Mbuyu alipelekwa huko hata hivyo, akakaa mwaka mmoja, akaacha. Lakini kuhusu mimi baba alifanya kitu. Alikwenda mwenyewe kwa masista, kofia mkononi, kuniombea nafasi katika shule yao ya sekondari. Nilisoma huko hadi mwisho, na kwa miaka zaidi ya thelathini nimefundisha hesabu. Mbuyu alijifunza kuoka mikate kwa mzee mmoja wa Kampemba. Tanuri hilo, dogo, la matofali, hakuliogopa hata siku moja.

Na kampuni, kama Kaku alivyosema, ilichoka. Haikuwa siku moja. Kwanza samaki walikosekana kwenye mgao, kisha mafuta, kisha unga ukawa unachelewa mwezi, kisha mishahara. Wanaume waliojua kuyeyusha shaba walisimama mbele ya ghala lililofungwa wakiwa na magunia matupu, na wengi wao, watu wazuri, wakaugua kwa aibu tu. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaambia wawashe moto wenyewe. Baba na mama walihamia Kampemba, na baba akawa anaamka saa tisa alfajiri kumsaidia Mbuyu kukanda unga. Alijifunza akiwa mtu wa miaka hamsini na kitu. Mwanzoni aliificha mikono yake mtu akipita. Baadaye aliacha kuificha.

Watu huniuliza, hasa walimu wenzangu wanaponisikia nikisimulia haya, kama naamini kwamba uyoga husikia. Naweza kueleza kilichotokea bila msaada wa wenyewe wa pori: msichana mwenye hasira alikwenda haraka, hakutazama chini, akakata mahali alipotakiwa kung'oa. Ni maelezo mazuri, nami huyatoa. Lakini mimi maelezo nilikuwa nayo siku ile pia. Aina tano nilizijua kwa macho, kwa pua na kwa vidole. Nilichokosa ni woga mdogo wa kunisimamisha, na huo Kaku alikuwa ameuweka mahali pake, ndani ya swali lake la mlangoni, na mimi nikaliruka. Pia nimeona upande wa pili wa imani, watu walipogeuka langoni kumtazama Mama Nkulu. Kaku alizijua pande zote mbili. Imani yake ilitutaka tujitazame sisi kwanza kabla ya kumtazama mtu mwingine, na nadhani kwa hilo nimeweza kuitofautisha na ile nyingine maisha yangu yote.

Jambo la mwisho sikulijua mpaka Kaku alipokwisha kuzikwa. Wiki moja baada ya kwenda kuomba radhi msituni, alikuwa ametutuma tena kuchuma uyoga, peke yetu, sisi wawili. Aliuliza swali lake, tukajibu hapana, na safari hii ilikuwa kweli. Tuliporudi tulimkuta kitandani, na niliumia kidogo moyoni kwamba aliweza kulala. Kwenye matanga yake Mama Nkulu, ambaye wakati huo alikuwa mkongwe asiyeona vizuri, alinivuta akaniambia: Kaku hakulala siku ile. Alikaa langoni tangu tulipoondoka, hakula, hakumjibu mtu, midomo inacheza kwa sala. Alipotuona tumekata kona ya njia na vikapu kichwani, akainuka haraka akaingia ndani, akajifunika shuka.

Sasa nina watoto waliokwisha kuondoka na wajukuu wanaojiandaa kuondoka. Nimekaa langoni namna hiyo mara nyingi, na mara nyingi nimeshindwa kuinuka kwa wakati, wakanikuta bado nimeketi pale, uso wangu umewaeleza kila kitu. Ndipo ninapomshukuru zaidi. Si kwa yale aliyotufundisha kufanya tu, bali kwa kutuacha tuende baada ya kujua kwa macho yake ni nini kinaweza kutupata, na kwa kuwahi kuingia ndani, ili tusijue kamwe kwamba aliogopa.